Nimepata nafasi ya kusomea mimea, lakini nyumbani wanauliza nitakula nini

Salamu Mama,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia na Kemia katika shule ya upili ya kutwa hapa Vihiga. Nina miaka 31, nimeolewa na tuna watoto wawili wadogo. Mume wangu anafanya kazi Kisumu, huja nyumbani wikendi. Nimeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, kwa masharti ya kudumu baada ya miaka ya kufundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule, kwa hiyo thamani ya kazi hii naijua.

Mimea naipenda tangu utotoni. Nikienda soko la Luanda huchelewa kwa akina mama wa mboga, na hapo nimeona jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani. Managu, yaani mnavu, wanayouza si mmea mmoja. Kuna ya majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea, kuna ya majani madogo na matunda ya rangi ya machungwa, na kuna mengine yanayojiotea shambani ambayo mama mmoja aliniambia ni machungu mno, hayauziki. Kitabu ninachofundishia kinayaita yote Solanum nigrum. Nilimwandikia mhadhiri wa chuo kikuu kimoja cha huku kwetu nikamtumia picha. Alinijibu, tukaonana, na sasa ananiambia kuna nafasi ya shahada ya uzamili katika uainishaji na mageuko ya mimea, kwenye mradi unaohusu managu na jamaa zake kutoka Kakamega hadi Mlima Elgon. Mradi utalipa karo na gharama za safari za kukusanya mimea. Mshahara hakuna. Masomo yanaanza Septemba.

Mume wangu hajakataa, ila anauliza maswali ambayo sina majibu yake. Mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara wangu utalipwaje? Nikimaliza nani ataniajiri? Tena hapendi nizunguke msitu wa Kakamega na watu asiowajua. Mama mkwe ndiye mzito zaidi. Anasema mwanamke anayechuma majani na mizizi kila mahali kisha anayakausha nyumbani atasemwa vibaya kijijini, na fununu nimeshaanza kuzisikia. Mzee mmoja wa kanisa naye ameniuliza kama nakwenda kusomea mambo ya kupinga uumbaji.

Mama, hii ni kazi ya kweli? Nijiuzulu, au niachane nayo? Na mtu wa umri wangu, aliyesomea ualimu, anaweza kweli kuwa mtaalamu wa mimea?

Mwalimu, Vihiga

*

Mwalimu mpendwa,

Lenye haraka kwanza: usiandike barua ya kujiuzulu. Umeuliza kana kwamba njia ni mbili tu, kujiuzulu au kuacha, na ipo ya tatu ambayo inafaa ijaribiwe kabla ya zote mbili. TSC ina utaratibu wa likizo ya masomo kwa walimu wa kudumu, yenye mshahara na isiyo na mshahara. Anza kwa mwalimu mkuu wako, kisha ofisi ya TSC ya kaunti, na uende na barua rasmi ya chuo, si ahadi ya mdomo ya mhadhiri. Kozi hii inagusa somo unalofundisha kila siku, kwa hiyo liandike hilo waziwazi katika ombi lako. Ikitoka likizo isiyo na mshahara, fika kwenye sacco kabla makato hayajakoma, muandikiane upya namna ya kulipa. Mkopo ukisimama bila mazungumzo huwaangukia wadhamini, na nadhani wadhamini wako ni walimu wenzako mnaokaa nao chumba kimoja cha walimu.

Sasa kazi yenyewe. Umeuliza kama ni ya kweli, nami nataka nikae hapa, kwa sababu ulichokiona Luanda ni swali halisi la kisayansi.

Kwa jinsi ulivyoyaeleza, managu ya majani mapana na matunda ya zambarau yaelekea ni Solanum scabrum, na yale ya matunda ya rangi ya machungwa ni Solanum villosum. Solanum nigrum, jina ambalo kitabu chako kimeyabandika yote, asili yake ni Ulaya na Asia. Yale machungu ya kujiotea siwezi kuyapa jina kwa mistari miwili ya barua, na mtu yeyote makini wa kazi hii angekataa pia. Angetaka ua, tunda lililoiva, jani la chini na la juu, na pengine hesabu ya kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Hesabu hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mageuko. Katika kundi hili Solanum americanum ina kromosomu 24, villosum ina 48, scabrum ina 72. Msingi wao ni 12, ukizidishwa mara mbili, mara nne, mara sita. Maana yake ni kwamba katika historia yao mimea hii imejiongezea seti nzima za kromosomu, na mimea yenye hesabu tofauti haichavushani kwa urahisi ikatoa mbegu nzuri. Hivyo ndivyo spishi mpya inavyoweza kujitenga na wazazi wake huku ikiendelea kumea kando yao katika shamba lile lile.

Mama wa Luanda hajawahi kuhesabu kromosomu, lakini ameshatenganisha mimea hiyo kwa ulimi na kwa soko. Mkulima anayenunua mbegu zilizoandikwa managu tu huenda anapewa spishi mbili zenye mavuno tofauti na uchungu tofauti. Mtafiti anayetaka kuboresha mbegu bila kujua ameshika ipi atapata majibu yasiyolingana mwaka hadi mwaka, na atalaumu udongo. Kwa hiyo mtu akikuuliza faida ya kujua majina ya majani, mwambie hayo.

Tena si managu peke yake. Chukua saga, yaani mgagani, ambayo majirani zetu Waluo wanaiita dek, na uilinganishe na sukuma wiki. Jamii zao ni ndugu wa karibu kabisa katika ukoo wa mimea. Hata hivyo jua la Januari likiwaka, sukuma hunyauka saa sita mchana huku saga imesimama. Sababu mojawapo ni kwamba saga hufanya usanisinuru kwa njia inayoitwa C4, kama mahindi, mtama na mafunjo ya pale Dunga, kando ya ziwa Kisumu. Hujilimbikizia hewa ya kaboni ndani ya jani kabla ya kuitumia, kwa hiyo haina haja ya kuacha matundu ya jani wazi sana na kupoteza maji. Njia hiyo imezuka zaidi ya mara 60 katika koo mbalimbali za mimea ya maua, kila ukoo kivyake. Sukuma haina. Saga, ndugu yake, inayo. Ndiyo maana mboga yetu hii inachunguzwa katika maabara za Ulaya, na wapo wanasayansi wanaotamani kuupa mpunga uwezo huo. Inaniuma kwamba watoto wetu wanaila bila kuambiwa hayo, na wewe una darasa zima la kuwaambia kesho asubuhi.

Halafu kuna Elgon, ambako mradi wako unafika. Ukipanda juu kabisa utakuta lobelia na senesio zilizorefuka kuliko mtu, ilhali jamaa zao wengi kwingineko ni majani ya kufika gotini. Kila mlima mrefu wa Afrika Mashariki una aina zake. Vilele hivyo vimetenganishwa na nyanda za joto ambazo mimea hiyo haiwezi kuishi, na kila kundi limebadilika likiwa peke yake. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuona hilo. Kwako ni safari ya siku moja kwa matatu.

Kuhusu umri na ualimu, sioni kizuizi. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976. Ni yeye pia aliyeandika sehemu ya jamii ya michungwa, iliyotoka 1982, katika ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi hiyo ilianza 1948 ikakamilika 2012, na ina spishi zaidi ya 12,000. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda kile cha Jomo Kenyatta, Juja, aliutumia usomi wake kwa mboga hizi hizi zilizokuwa zikiitwa chakula cha maskini, na leo zinauzwa hadi kwenye maduka makubwa. Nawataja kwa sababu walifanya kazi na mimea ya huku na ujuzi wa watu wa huku. Wewe unajua lugha ya wauzaji, unajua mboga inapandwa mwezi gani na nani ana mbegu za bibi yake. Mgeni huhitaji miaka na mkalimani ili apate hayo.

Utakachokosa ni takwimu za kompyuta na kazi ya maabara ya DNA, na vyote hufundishika. Kwa DNA, jani dogo hukaushwa haraka ndani ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, likahifadhiwa kwenye pakiti. Lakini msingi wa yote bado ni mmea uliobanwa kati ya magazeti, ukakauka ukiwa bapa, ukaandikiwa mahali, tarehe, urefu wa ardhi, rangi ya ua na jina la mkusanyaji. Mimea ya namna hiyo imehifadhiwa Nairobi, katika hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ni mkusanyo ulioanzia Amani kule Tanga mwaka 1902, na sasa una karibu vielelezo milioni moja. Ukipata nafasi, nenda ukaombe kuona makabati ya jenasi ya Solanum. Utakuta mmea uliochumwa kabla babu yako hajazaliwa, na bado unaweza kuhesabu vinyweleo vya jani lake.

Nani atakuajiri? Hapa sitakupamba. Nafasi za mtaalamu wa uainishaji wa mimea nchini ni chache. Kuna vyuo vikuu, Makavazi, taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI, benki ya mbegu ya taifa iliyo Muguga chini ya shirika la utafiti wa kilimo KALRO, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea KEPHIS, na shirika la kilimo mseto lililo Gigiri. Nyingi hutangaza kazi mara chache, na ajira nyingine ni za mkataba unaokwisha pamoja na fedha za mradi. Kuna pia kazi za tathmini ya mazingira, kwa maana barabara au bwawa haliwezi kujengwa kabla mtu hajaorodhesha mimea iliyopo, na wanaoweza kuitaja kwa uhakika ni wachache. Wengine huendelea na uzamifu ng'ambo. China, kwa mfano, imewachukua Wakenya wengi kupitia kituo cha pamoja cha utafiti kilichoko Juja.

Ndiyo sababu nasisitiza likizo badala ya kujiuzulu. Ukimaliza, huenda kwa muda ukarudi darasani, ukaishi kwa mshahara wa ualimu huku utafiti ukiendelea wikendi na likizo za shule. Kama jambo hilo linakuvunja moyo kabisa ukilisoma, fikiri upya. Kama unalisoma na bado unataka kujua yale managu machungu ni nini, nenda ukasome.

Mume wako ameuliza maswali mazuri, na lile la msitu nina jibu lake. Managu na jamaa zake hupenda ardhi iliyochezewa: kando ya njia, shamba lililolimwa, nyuma ya zizi, ukingo wa msitu. Kwa hiyo kazi yako nyingi itakuwa sokoni na mashambani mwa watu, na siku za ndani ya msitu zitakuwa chache. Mwombe mhadhiri orodha ya maeneo na ratiba, umpe mume wako aione. Siku za Kakamega usiingie peke yako kamwe. Pale Isecheno kuna waongozaji, vijana wa vijiji vya hapo, wanaotambua miti kwa gamba na harufu. Mlipe mmoja, na ikiwezekana awe yule yule kila mara hadi nyumbani kwako wamjue kwa jina. Vaa buti za mpira kwa ajili ya siafu na nyoka, na ukamilishe kazi asubuhi kwa sababu mvua ya alasiri huko haichelewi.

Mama mkwe wako naomba usimchukulie kuwa mjinga. Wasiwasi wake una historia. Kutoka misitu yetu watu wamechukua sana. Magamba ya mti wa mwiritsa yaliuzwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa tangu 1995. Mizizi ya mukombero imechimbwa ikaadimika. Wanakijiji wameona wageni wakija na daftari, wakiuliza jani hili linatibu nini, kisha hawaonekani tena. Na anayekusanya mizizi bila kueleza sababu, mahali petu, hushukiwa, awe mwanamke au mwanamume. Huo ndio ukweli wa kijiji.

Kwa hiyo fanya kila kitu mchana na mbele ya watu. Kaushia mimea kwenye maabara ya shule, usiikaushie chumbani. Kabla ya kuanza, nenda kwa naibu wa chifu na wazee, ueleze unachokusanya na kinapelekwa wapi. Usiandike dawa ya mtu bila ruhusa yake. Sheria inadai hivyo pia, maana Kenya imo katika Itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye ujuzi waulizwe kwanza na wagawiwe faida. Halafu mwombe mama mkwe akusindikize Luanda siku moja, akuonyeshe managu aliyokula akiwa msichana na yale ambayo hayaonekani tena. Kama zipo mbegu ambazo yeye huzihifadhi, mwandike kwenye lebo, akikubali, kama mtu aliyetoa kielelezo. Sijui kama atabadilika. Lakini nimeona wazee wengi wakilainika pale ujuzi wao unapoandikwa kwa heshima, na yeye ndiye atakayekujibia fununu huko kisimani kuliko mtu mwingine yeyote.

La mzee wa kanisa ni jepesi zaidi kuliko unavyodhani. Mageuko umeyafundisha Kidato cha Nne miaka yote hii na hukuacha ibada. Mwambie unasomea jinsi mboga za Vihiga zinavyohusiana na zilivyotofautiana, na umkaribishe aje kuziona.

Kabla ya Septemba, mwandikie mhadhiri barua pepe, si ujumbe wa simu, umwombe majibu ya maandishi. Fedha za mradi ni za muda gani, na zikiisha kabla hujamaliza nani atabeba karo? Nauli za safari utapewa kabla au utarudishiwa baadaye? Utakuwa na wasimamizi wangapi, na wanafunzi wake wa mwisho walichukua miaka mingapi? Shahada yako ya ualimu inatosha kuingia, au utadaiwa masomo ya ziada? Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi, na kile cha NEMA, mamlaka ya mazingira, vitaombwa na nani? Vielelezo vyako vitawekwa hebaria ya Nairobi kwa jina lako la mkusanyaji, na jina lako litakuwa wapi kwenye makala zitakazotoka? Msimamizi mwema atajibu bila kukasirika. Akikasirika, umejifunza jambo muhimu kabla ya kupoteza mshahara hata wa mwezi mmoja.

Majibu yakija, myasome wewe na mume wako pamoja wikendi, na hati ya mkopo wa sacco ikiwa mezani, kabla hujajaza fomu yoyote ya likizo.